Mkojo Unapopungua kwa Mzee: Mwongozo kwa Familia za Kinindo

Miongoni mwa mambo ambayo familia nyingi huyahesabu kuwa ya kawaida kwa mtu aliyekula chumvi nyingi ni kupungua kwa haja ndogo, kwa kuwa mtu huyo hula kidogo, hunywa kidogo na hutembea kidogo, na hivyo huonekana ni sawa akojoe kidogo. Dhana hiyo inakwenda kinyume na namna figo zinavyozeeka. Figo ni viungo viwili vilivyo upande wa mgongo chini ya mbavu, ambavyo huchuja damu usiku na mchana, hurudisha mwilini maji yanayohitajika na kuzitoa taka kwa njia ya mkojo. Kadiri umri unavyosonga, figo hupoteza polepole uwezo wa kuukoleza mkojo, yaani kuzitoa taka nyingi katika maji machache. Ndiyo maana mzee mwenye afya huwa na mkojo mwepesi kuliko wa kijana, na huamka usiku mara moja au mbili kwenda chooni. Uzee humwongezea mtu safari za chooni, haumpunguzii mkojo. Na mkojo wa mzee unapopungua, kuna kinachoupunguza, ambacho mara nyingi hutibika kikigunduliwa mapema na huweza kuua kikiachwa.

Mwongozo huu umekusudiwa familia za Kinindo, mtaa wa makazi ulio kusini mwa Bujumbura, kati ya Ziwa Tanganyika na barabara iendayo Rumonge, ingawa yaliyomo yanazifaa familia za Buyenzi, Bwiza na kwingineko. Katika nyumba nyingi za mtaa huo, mzee hushinda na yaya au boyi huku watoto wakiwa kazini mjini, na wengine wakiwa Ubelgiji au Kanada wakiuliza hali kwa simu. Anayejua kama kopo la usiku liliamka tupu ni yule anayelimwaga asubuhi, naye haulizwi. Anayeulizwa ni mzee mwenyewe, ambaye kwa haya hujibu kwamba hajambo. Hatua ya kwanza ya kuzilinda figo za mzee, kabla ya dawa na kabla ya daktari, ni kuhakikisha kwamba kinachojulikana na mmoja nyumbani kinajulikana na wote.

Kiasi cha kawaida na kiasi pungufu

Mtu mzima anayepata majimaji ya kiasi cha lita 2 kwa siku, yakiwemo maji, chai, uji na mchuzi, hutoa mkojo wa mililita 800 hadi 2,000 kwa saa 24. Mkojo ukishuka chini ya mililita 400 kwa saa 24, wataalamu huiita hali hiyo oliguria, yaani mkojo haba. Ukishuka chini ya mililita 100, huitwa anuria, maana yake mkojo umekatika. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa kubahatisha. Taka zinazotokana na chakula na kazi za mwili katika siku moja zinahitaji karibu nusu lita ya maji ili zitoke, hata kwa figo ya kijana inayoukoleza mkojo hadi mwisho wa uwezo wake. Figo ya mzee, isiyoweza kukoleza kiasi hicho, inahitaji maji zaidi kwa taka zilezile. Kwa hiyo nusu lita ambayo kijana aliyetembea juani anaweza kuivumilia kwa siku moja, kwa mzee inaweza kuwa dalili kwamba taka zimeanza kubaki katika damu.

Kipimo kingine, kilichomo katika mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2012 na kundi la wataalamu wa figo linaloitwa KDIGO, huuhusisha mkojo na uzito wa mwili: mkojo usiofika nusu mililita kwa kila kilo moja ya uzito kwa kila saa, hali hiyo ikidumu saa 6 au zaidi, ni dalili ya figo kujeruhika ghafla. Kwa mzee mwenye kilo 60 hesabu yake ni mililita 30 kwa saa, yaani mililita 180 kwa saa 6, ambazo hazijazi glasi moja ya chai, na mililita 720 kwa siku nzima.

Ni muhimu kutenganisha wingi wa mkojo na wingi wa safari. Mzee anayekwenda chooni mara 12 kwa siku na kutoa matone kila mara anaweza kuwa na hali mbaya kuliko yule anayekwenda mara 5 na kutoa wa kutosha, na familia inayohesabu safari peke yake inaweza kuridhika mahali pa kushtuka.

Kupima nyumbani

Kupima hakuhitaji chombo cha hospitali. Huchukuliwa chupa tupu ya maji ya nusu lita na kopo la plastiki lenye mdomo mpana na kuta zinazoonyesha kilichomo. Chupa hujazwa maji, humiminwa katika kopo, na mstari huchorwa kwa kalamu isiyofutika pale maji yalipofikia, ambapo ni mililita 500. Chupa hujazwa tena, na mstari wa pili ndio lita moja. Nafasi iliyo chini ya mstari wa kwanza inaweza kugawanywa kwa kumimina maji kwa glasi inayojulikana ujazo wake, mpaka kopo liwe na alama za kutosha. Kopo hilo huwekwa chooni, nalo halitumiki kwa kazi nyingine yoyote.

Hesabu ya saa 24 huanza kwa kuumwaga mkojo wa kwanza wa asubuhi na kuiandika saa, kwa mfano saa 12 asubuhi. Mikojo yote inayofuata hupimwa, pamoja na ule wa saa 12 asubuhi ya siku ya pili. Daftari lenye safu nne linatosha: saa, kilichonywewa, kilichotoka, na rangi yake. Kwa mzee anayevaa pampasi, pampasi kavu hupimwa kwanza kwa mizani ya jikoni, kisha hupimwa ikiwa imelowa, na tofauti ya gramu huhesabiwa kama mililita, kwa kuwa gramu moja ya mkojo inakaribia sana mililita moja. Kuhara kukichanganyika na mkojo, kipimo hicho hakitegemewi, jambo ambalo linafaa kuandikwa daftarini badala ya kukisia.

Rangi husaidia lakini haitoshi peke yake. Kwa kijana, mkojo wa manjano iliyokolea huonyesha kwamba maji yamepungua mwilini. Kwa mzee, ambaye figo zake hazikolezi vizuri, mkojo unaweza kubaki mwepesi huku mwili umekauka. Rangi inayopaswa kushtua kila mara ni ya wekundu wa damu, au ya hudhurungi nzito kama chai ya rangi iliyokaa jikoni muda mrefu. Mzee anayetumia rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hutoa mkojo wa rangi ya chungwa, na hilo peke yake si ugonjwa.

Haya ni kikwazo cha kweli katika upimaji huu. Mkwe hawezi kumuuliza baba mkwe habari za mkojo, na binti wengi huona vigumu kumuuliza baba. Lakini kati ya babu na mjukuu kuna utani ulioruhusiwa na mila za watu wengi wa ukanda huu, na mjukuu mwenye busara anaweza kuuliza kwa mzaha kile ambacho mama yake angekiuliza kwa kigugumizi. Familia inayompa mjukuu au yaya kazi ya daftari, na kumweleza sababu yake, inakuwa imekivuka kikwazo hicho bila kumvunjia mzee heshima.

Figo hazitengenezi, au kibofu hakitoi?

Swali hili ndilo kiini cha mwongozo mzima, kwa sababu mkojo usioonekana una maelezo mawili yanayotofautiana kabisa. Huenda figo hazitengenezi mkojo, na kibofu, yaani mfuko unaouhifadhi, ni kitupu. Au figo zinautengeneza kama kawaida lakini kibofu hakiwezi kuutoa, nacho kinaendelea kujaa. Hali ya kwanza mara nyingi huhitaji maji. Ya pili huhitaji njia ifunguliwe, na kumwongezea maji mtu huyo ni kumwongezea mateso.

Mzee alale chali, magoti yakiwa yameinuliwa kidogo, na kiganja kiwekwe taratibu kati ya kitovu na kinena. Kibofu kitupu hakigusiki. Kibofu kilichojaa kupita kiasi huhisika kama papai changa lililozikwa chini ya ngozi: kimeviringika, ni kigumu kiasi, na kikigongwa kwa ncha ya kidole hutoa sauti nzito badala ya sauti ya uwazi inayotoka juu ya utumbo. Kukiminya ili mkojo utoke ni kosa, kwa kuwa kunaweza kukijeruhi. Kibofu cha mtu mzima humfanya atamani choo kikiwa na mililita 400 hivi, ilhali kilichozibwa kinaweza kufikia lita moja na kuipita. Kikizibwa ghafla, maumivu huwa makali, lakini kikizibwa polepole kwa miezi mingi, mzee huenda asilalamike kabisa.

Upo mtego mmoja ambao huwapoteza hata watu makini. Mzee ambaye nguo zake zinalowa mfululizo, matone yakitoka bila yeye kujua, hudhaniwa kuwa na mkojo mwingi asioweza kuuzuia. Kumbe wakati mwingine kibofu chake kimezibwa, kimejaa hadi pomoni, na kinachotoka ni kile kinachofurika. Familia humpunguzia maji ili asilowe, figo nazo huanza kuharibika kwa msukumo wa mkojo unaorudi nyuma. Kulowa kwa mzee hakuthibitishi kwamba anakojoa.

Sababu tatu na mahali pake

Wataalamu huzipanga sababu za kupungua mkojo kwa kufuata safari ya maji yenyewe: kabla ya figo, ndani ya figo na baada ya figo.

Kabla ya figo, tatizo ni kwamba damu ya kutosha haifiki kwenye figo, na sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni ukavu wa mwili. Bujumbura iko katika bonde la Imbo, kwenye mwinuko usiofika mita 800 juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni kubwa kuliko la milima ya Mugamba au la Gitega. Mzee aliyekulia mlimani na kuletwa Kinindo kuishi na watoto hupoteza kwa jasho maji ambayo hakuzoea kuyapoteza. Hisia ya kiu hufifia kwa umri, kwa hiyo kungoja mzee aombe maji ni kumwamini shahidi aliyelala. Wapo pia wanaojizuia kwa makusudi: anayeogopa kwenda chooni gizani umeme unapokatika, au anayeona aibu kumwamsha yaya, huacha kunywa tangu alasiri. Taa ndogo ya betri njiani na kopo la usiku karibu na kitanda humrudishia mtu huyo maji yake kuliko mawaidha yoyote.

Kuhara na kutapika huukausha mwili kwa saa chache. Kipindupindu si kigeni katika Bujumbura, ambako mlipuko wake ulitangazwa tena Januari 2023, na mzee aliyeshikwa na ugonjwa huo anaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku moja. Kundi hilohilo la sababu linajumuisha kutokwa na damu nyingi, maambukizi makali yanayoshusha shinikizo la damu, na moyo uliodhoofika usioweza kuisukuma damu hadi kwenye figo. Mwenye moyo wa namna hiyo huvimba miguu na huhema akilala, na kwake maji mengi si dawa.

Ndani ya figo, tishu yenyewe ndiyo inayojeruhiwa. Shinikizo la juu la damu na kisukari huzila figo kwa miaka, na inafaa ijulikane kwamba katika maradhi hayo ya polepole mkojo hubaki wa kawaida mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo mkojo wa kutosha si cheti cha figo nzima. Jeraha la ghafla huletwa na malaria kali, ambayo katika Burundi imekuwa tatizo kubwa hata serikali ikatangaza mlipuko mwezi Machi 2017. Vimelea huziharibu chembe nyekundu za damu, na mabaki yake huzielemea figo, mkojo ukawa mweusi na mchache. Vivyo hivyo, mzee aliyeanguka usiku akalala sakafuni kwa saa nyingi huweza kuharibikiwa na misuli, na mabaki ya misuli hiyo huzijeruhi figo hata kama hakuvunjika mfupa wowote.

Baada ya figo, njia imezibwa. Kwa mwanamume, wa kwanza kushukiwa ni tezi dume, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu na inayouzunguka mrija wa mkojo, ambayo kwa wanaume wengi hukua baada ya miaka 50 na kuubana mrija huo, ama kwa uvimbe usio wa saratani ama kwa saratani. Kwa mwanamke, njia inaweza kubanwa na kizazi kilichoshuka au na saratani ya shingo ya kizazi iliyofika mbali. Kwa wote wawili, choo kigumu kilichokaa siku nyingi hukisukuma kibofu na kukifunga. Mawe ya figo, maambukizi ya mkojo na kisukari kilichoharibu neva za kibofu vinaweza kufanya hivyohivyo.

Dawa zinazopunguza mkojo

Sababu hii inastahili kusimama peke yake, kwa kuwa ndiyo ambayo familia inaweza kuigundua katika dakika tano kwa kuukung'uta mfuko wa dawa juu ya meza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hununua famasi kwa ajili ya magoti na mgongo, huibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kijana haathiriki sana kwa siku chache. Lakini mzee anayetumia pia dawa ya presha ya kundi la enalaprili au losatani, pamoja na dawa ya kukojosha kama hidroklorotiazidi au furosemidi, huwa ameziwekea figo mizigo mitatu kwa wakati mmoja, na siku anayoharisha huenda figo zikasimama. Kwa maumivu ya kawaida ya mzee wa namna hiyo, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo iliyo salama zaidi kwa figo.

Dawa nyingine hazizigusi figo bali hukilegeza kibofu au huufunga mlango wake: klorofenamini na dawa nyingine za mafua na mzio, amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva, hiyosini ya msokoto wa tumbo, na tramadoli. Mwanamume mwenye tezi dume iliyokua anaweza kuzibwa kabisa usiku uleule aliokunywa dawa ya mafua, hasa akiwa amekunywa na bia kadhaa au urwarwa, pombe ya ndizi, ambayo hukijaza kibofu haraka huku ikipunguza hisia zake. Dawa za mitishamba zisizojulikana kipimo wala mchanganyiko wake nazo zitajwe mbele ya daktari bila hofu ya kulaumiwa, kwa sababu baadhi ya mimea huharibu figo, na kuficha humnyima daktari jibu.

Lini kuhangaika

Mzee apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, ikiwa:

– hajatoa mkojo kwa saa 12, hata kama hana maumivu;
– anataka kukojoa na hawezi, huku tumbo la chini likiuma au limevimba;
– mkojo umepungua naye amechanganyikiwa, analala kupita kawaida, anahema kwa shida, au mikono imekuwa baridi na mapigo ya moyo ni ya kasi;
– ana homa na kutetemeka, au mkojo ni mweusi au una mabonge ya damu;
– miguu imelegea ghafla, au hahisi kitu sehemu anayokalia, kwa kuwa uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa;
– anatapika au anaharisha na hawezi kubakisha maji tumboni.

Apelekwe siku hiyohiyo ikiwa daftari linaonyesha mkojo ulio chini ya nusu lita kwa saa 24, au chini ya kipimo cha uzito wake kwa saa 6 za mchana ingawa amekunywa. Ikiwa miguu au uso umeanza kuvimba. Au ikiwa upungufu umefuata dawa mpya. Mzee mwenye mpira wa mkojo, ambao wengi Bujumbura huuita sonde, aangaliwe kwanza kama mpira haujajikunja na kama mfuko uko chini ya usawa wa kibofu. Ikiwa baada ya kurekebishwa bado hautiririshi kwa saa 2, asingojee asubuhi.

Apangiwe kuonwa ndani ya wiki ikiwa mkojo unatoka kwa mkondo dhaifu, unakatika katikati, unahitaji kukamuliwa, una povu lisiloisha, au unamwamsha usiku zaidi ya alivyozoea. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi, bila homa na bila maumivu, na kukuita uzee ni kupoteza siku ambazo ni za thamani.

Ya kufanya na ya kuepuka

Ikiwa kibofu hakijajaa, miguu haijavimba, na mzee yuko macho na anameza vizuri, apewe majimaji kidogokidogo, nusu glasi kila nusu saa, badala ya kulazimishwa lita moja kwa mpigo. Kwa aliyeharisha inafaa zaidi chumvi ya kurudisha maji mwilini, ambayo famasi huiuza katika pakiti kwa jina la SRO; pakiti zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa huchanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Ukavu wa mzee usitafutwe kwa kumfinya ngozi ya mkono, ambayo kwa umri wake hulegea hata akiwa mzima. Ulimi mkavu wenye mipasuko na kwapa kavu ni mashahidi bora zaidi.

Kununua furosemidi famasi ili "kuufungua mkojo" ni kosa kubwa kuliko yote. Dawa hiyo huikamua figo iliyokwisha kukauka, na kwa aliyezibwa huongeza mkojo nyuma ya mlango uliofungwa. Kosa la pili ni kumnyima maji anayelowa. La tatu ni kuendelea na dawa zote kama kawaida katika siku ya kuhara, ilhali simu moja kwa daktari ingetosha kujua zipi zisimamishwe kwa muda, zikiwemo zile za presha, za kukojosha na metiformini ya kisukari. Katika mwezi wa Ramadhani, mzee ambaye figo au moyo wake ni dhaifu hana sababu ya kujidhuru, kwa kuwa dini imemruhusu mgonjwa asiyetarajia kupona kula na kutoa fidia ya kulisha maskini. Mazungumzo hayo yafanyike na daktari na shehe kabla mwezi haujaandama.

Hospitalini

Kutoka Kinindo, hospitali za rufaa za umma ziko upande wa kaskazini: Prince Régent Charles iko mjini, na Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo wenyeji huiita Roi Khaled, iko Kamenge, ng'ambo ya pili ya jiji. Katika siku za uhaba wa mafuta, gari la usiku halipatikani kwa kulitafuta usiku; jirani mwenye gari na namba ya dereva vijulikane mapema. Vinavyobebwa ni vitatu: daftari la mkojo, mfuko wenye dawa zote pamoja na za mitishamba, na kadi ya matibabu, iwe ya Mutuelle, bima ya watumishi wa umma, au ile ya CAM, kadi ya msaada wa matibabu.

Daktari atataka kujua kwanza kama kibofu kimejaa, kwa kukigusa au kwa ekografi, picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti na isiyoumiza. Kikiwa kimezibwa, sonde huingizwa na nafuu huja katika dakika chache. Lakini katika saa zinazofuata mkojo unaweza kumiminika kupita kawaida, kwa hiyo familia isimwondoe mgonjwa mapema kwa sababu tu amepata nafuu. Damu hupimwa kreatinini, taka ya misuli inayoonyesha namna figo zinavyochuja, na potasiamu, chumvi inayopatikana kwa wingi katika ndizi na maharagwe, na ambayo ikirundikana huweza kuusimamisha moyo. Jambo moja lifahamike kuhusu karatasi ya majibu: mzee aliyekonda ana misuli michache na hutengeneza kreatinini kidogo, hivyo namba iliyo ndani ya mipaka ya kawaida inaweza kuficha figo zilizopoteza nusu ya uwezo wake, na ni haki ya familia kuuliza uwezo wa kuchuja uliokokotolewa kwa umri.

Ikihitajika kuisafisha damu kwa mashine, matibabu yanayoitwa diyalizi, familia nyingi hukata tamaa kwa kudhani kwamba anayeingia hatoki. Kwa figo zilizojeruhika ghafla, diyalizi mara nyingi ni ya muda, na wengi wanaotibiwa mapema huiacha figo zinapoamka.

Ulinzi wote huo huanza nyumbani, tena kwa jambo lisilogharimu fedha. Simu zinazopigwa Kinindo kila jioni, kutoka mjini au kutoka ng'ambo, huuliza kama mzee amekula, kama amelala na kama miguu imepoa. Kila familia iongeze swali la nne, nalo aulizwe yaya kabla ya mzee: leo amekojoa kiasi gani?